Upofu si undugu

Tukikuta wanyama wawili pangoni, wote vipofu, wote weupe pe, haraka tunawapa babu mmoja. Haraka hiyo naipinga, na salamanda wa Texas, wanyama wa majini wenye umbo la mjusi, ndio walionifanya niwe mkali hivi.

Mwaka 1895 kisima kirefu huko San Marcos kilirusha juu mnyama wa ajabu: miguu kama njiti, kichwa kipana kilichobapa, macho yamebaki vidoa chini ya ngozi. Mwaka uliofuata mtaalamu wa wanyama Stejneger akamwundia jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, akaiita Typhlomolge. Miaka ya 1960 akaelezwa mwingine, wa pango la Honey Creek, naye mwenye kichwa kipana na vijicho vidogo. Wapo waliomtia ukoo uleule. DNA iliposomwa, kumbe wa Honey Creek ni ndugu wa salamanda wa chemchemi za jirani, wenye macho yao kamili! Leo wote wamo katika jenasi Eurycea, lakini kila mmoja aliingia gizani kivyake.

Kosa liko kwenye kuhesabu. Macho, rangi, miguu, kichwa: alama kumi zinafanana, basi mtu anadhani ana mashahidi kumi. Mashahidi hao wote wamefundishwa maneno na giza moja. Chukua samaki wa mapangoni Mexico, Astyanax. Kiinitete chake huanza kuumba jicho kama kawaida, kisha lenzi inakufa na jicho linadidimia ndani ya ngozi. Sasa, jeni ya shh inayochangia kifo hicho, kwa kufanya kazi eneo pana zaidi, ndiyo inayoongeza vinundu vya kuonjea mdomoni. Jicho na mdomo hapo ni shahidi mmoja aliyebadili kanzu.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka alama za pangoni zitupwe zote. Zihojiwe. Samaki haohao wa Mexico, wa pango la Pachón na wa pango la Molino, wote hawana rangi, na jeni iliyoharibika ni ileile, Oca2, ila kipande kilichokatika kwa huyu sicho kilichokatika kwa yule. Tena ukizalisha vipofu wa mapango yaliyo mbalimbali, baadhi ya watoto wanaona, kwa sababu alichopoteza baba mama bado anacho.

Kwa hiyo mti wa nasaba ujengwe kwanza kwa jeni nyingi. Moja haitoshi, maana samaki wa mtoni huingia mapangoni na kuzaliana na wenyeji, na jeni ya kuazima hudanganya vizuri tu. Mti ukisimama ndipo tuoneshe juu yake nani ana macho na nani hana, tuhesabu yamepotea mara ngapi. Na jamaa wa juu, wa mtoni na wa chemchemini, wasikosekane kwenye sampuli. Bila wao vipofu watashikana wenyewe kwa wenyewe, na hakuna hesabu itakayowaachanisha.