Alice in Chains bila Layne: ni wenyewe au limebaki jina tu?

Kuna ubishi wa mashabiki wa granji (ile roki nzito ya Seattle ya miaka ya tisini) ambao hauishi, na mimi nimeshakaa pande zote mbili kwa miaka tofauti kwa hiyo msinishangae nikigeuka geuka humu. Ubishi wenyewe ni huu, Alice in Chains ya sasa hivi, hii yenye William DuVall kwenye maiki, ni Alice in Chains kweli au ni Jerry Cantrell na washkaji zake wanakula kwa jina la marehemu Layne Staley?

Kwa ambao hawakuwa wanafuatilia, hii ni bendi ya Seattle, ilianza 1987, Layne Staley akiimba, Cantrell kwenye gitaa na yeye pia anaimba, Sean Kinney drams, Mike Starr besi (1993 akatoka akaingia Mike Inez aliyekuwa anapiga na Ozzy Osbourne). Watu wakitaja granji wanaanza na Nirvana na Pearl Jam halafu ndo wanawakumbuka hawa, ila hawa walikuwa wazito na wa giza kuliko wote, karibu na metali kabisa. Facelift 1990, Dirt 1992, halafu Januari 1994 wakatoa Jar of Flies, nyimbo saba tu, wala sio albamu kamili, ikaingia moja kwa moja namba moja Marekani na haikuwahi kutokea kwa rekodi fupi namna ile. 1995 wakatoa ile yenye mbwa wa miguu mitatu kwenye kava. Baada ya hapo unga ukamshika Layne mpaka bendi ikasimama, shoo yake ya mwisho nao ni Julai 1996, na tarehe 5 Aprili 2002 akafa peke yake kwenye apatimenti yake, ana miaka 34, mwili umekuja kukutwa wiki mbili baadaye. Tarehe ile ile aliyokufa Kurt Cobain wa Nirvana, miaka minane mbele. Daah.

Sasa tuanze na wanaokataa, na mimi nadhani wanadharauliwa kirahisi sana, wanaitwa wazee wa kununa waliogoma kukua. Hoja yao ina uzito. Dirt ukiisikiliza kuanzia katikati kwenda mwisho ni kama daftari la mtu anayejiandikia jinsi unga unavyomla, mwanzo anajisifia, baadae anachukia, mwisho hana hata nguvu ya kuchukia. Nyimbo mbili za mle, Hate to Feel na Angry Chair, Layne aliziandika mwenyewe, maneno na muziki. Ile sauti inayokuja kama mtu anaburuzwa kwenye kokoto haikuwa staili ya studio, jamaa alikuwa anaimba maisha yake ya wiki ile. Kuna mashabiki walioponea chupuchupu kwenye unga wanaokwambia ile albamu ndo kitu pekee kilichowaelewa walipokuwa kwenye arosto, sa huyo unamwambiaje kwamba mtu mwingine tu anaweza kusimama pale akaimba yale maneno na ikawa vile vile?

Halafu wana mfano wa jirani. Nirvana, Kurt alipokufa 1994, Dave Grohl na Krist Novoselic waliliacha jina lipumzike, Grohl akaenda kuanzisha Foo Fighters na mambo yakamwendea vizuri tu. Cantrell naye hakuwa mtu wa kukosa pa kwenda, alishatoa albamu za kwake mwenyewe, moja 1998 na nyingine 2002, jina analo. Kwa nini asiendelee hivyo? Hili swali mi sijawahi kusikia upande wa pili wakilijibu vizuri, huwa wanarukia "jina ni lake pia", ambayo ni kweli ila sio jibu.

Ila sasa geuza upande. Watu wengi wanaosema Alice ilikuwa Layne hawajawahi kuangalia nani aliandika nini. Rooster kaandika Cantrell, inamhusu baba yake aliyepigana Vietnam, Rooster ndo lilikuwa jina lake la utani. Would? kaandika Cantrell, akimlilia Andrew Wood wa Mother Love Bone aliyekufa 1990. Na hii ndo inayonichekesha, Down in a Hole, ule wimbo ambao kila mtu anaulilia akijua ni Layne anajizika mwenyewe na unga, ni Cantrell anaimba kuhusu demu wake. Yaani miaka yote hiyo tumekuwa tunamlilia mtu sahihi kwa wimbo usio wake.

Na kitu chenyewe kinachoifanya ile bendi uitambue ndani ya sekunde tano ni zile sauti mbili zinazotembea pamoja, moja juu moja chini, kama ndugu wawili wanasoma barua moja ya msiba. Nusu ya hiyo kitu ni koo la Cantrell. Rudia ile shoo yao ya MTV Unplugged ya Aprili 1996, Layne kakonda hata kukaa kwenye kiti ni kazi, angalia Cantrell anavyombeba sauti. Nusu ile haikufa 2002.

Tena hawakukurupuka. Walikaa mpaka mwanzoni mwa 2005, wakakusanyika Seattle kwenye shoo ya kuchangia wahanga wa tsunami ya Desemba 2004 (ile ile iliyofika mpaka Somalia na huku kwetu pwani), waimbaji tofauti tofauti wakapokezana maiki. DuVall akaja 2006, albamu mpya ikatoka 2009, Black Gives Way to Blue, na wimbo wenye jina hilo ni wa kumuaga Layne, anauongoza Cantrell mwenyewe, kwenye piano kakaa Elton John. Zikafuata ya 2013 na ya 2018. Ukihesabu, Layne ana albamu tatu na DuVall tatu, na DuVall kwa miaka keshampita Layne mbali.

Mfano wa Msondo, bendi yetu ya dansi, nao huwa unaletwa, kwamba mbona mwimbaji wao TX Moshi alifariki 2006 na Msondo ikabaki Msondo? Mi naona haukai. Ile ilianza kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, jina lilikuwa la taasisi tangu siku ya kwanza na waimbaji walikuwa wengi wanaingia wanatoka. Bendi ya roki ni watu wanne wameanzia gereji, ukimtoa mmoja umetoa robo ya nyumba.

Hoja ninayoichukia kutoka pande zote ni "Layne angetaka". Mmoja anasema angetaka waendelee mwingine anasema angeumia, wote wanamtia marehemu maneno mdomoni, tuiache hiyo.

Msimamo wangu umekuja kukaa hapa baada ya kusikiliza albamu mpya mfululizo. DuVall hamuigi Layne, na kwenye nyimbo mpya nyingi Cantrell ndo yuko mbele, DuVall anaingia kama sauti ya pili. Kwa maneno mengine kile kiti hawakumpa mtu, walisogeza meza. Kwa hiyo rekodi za 2009 kuja huku kwangu ni Alice in Chains halali kabisa na sitaki kusikia kelele. Tatizo linabaki jukwaani, kwenye zile nyimbo ambazo Layne aliandika akijisema yeye. DuVall anaimba vizuri, koo lipo, noti zote zipo, lakini ikifika Angry Chair kwenye video za shoo zao mi huwa naruka, najisikia kama namsikia mtu anasoma barua ya mwenzake kwa sauti.

Nutshell, ile ya kwenye Jar of Flies, siiruki, na yenyewe maneno ni ya Layne, kwa hiyo sheria yangu mwenyewe imeshavunjika hapo. Labda ni kwa sababu mara nyingi kabla hawajaianza wanawataja Layne na Mike Starr, ambaye naye alifariki 2011, halafu lile gitaa linaanza taratibu na watu wote uwanjani wanaimba kumzidi DuVall, na yeye anawaacha.