Dhahabu ya Elizabeth wa Kwanza: nyundo au mashine?

Mwaka 1561, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, Mfaransa Eloy Mestrelle alianza kutengeneza sarafu kwa mashine ndani ya Mnara wa London. Iliendeshwa na farasi, na sarafu zilitoka duara safi. Mwaka 1572 alifukuzwa, na njia ya zamani, ya kugonga sarafu kwa nyundo, ikaendelea kutawala hadi 1662. Husemwa kwamba mafundi wa nyundo walimpiga vita kwa wivu. Wivu ulikuwepo, ila hoja yao, kwamba nyundo ilitoa uzito sahihi tena kwa kasi, nayo ilikuwa na nguvu.

Kipande cha dhahabu kilikatwa kwa mkasi na kupunguzwa hadi mizani ikubali. Kisha kililazwa juu ya muhuri wa chuma uliokitwa kwenye gogo, fundi akashika muhuri wa pili juu yake, nyundo ikashuka. Uzito ulishapimwa kabla ya pigo. Ile sarafu iitwayo angel, ya Mfalme Henry wa Saba, babu yake Elizabeth, ilibeba gramu 5 na ushei za dhahabu karibu tupu, hata kama picha ya Malaika Mikaeli na joka lake ilikaa kombo. Na nyundo ilikuwa na kasi: mashine ilipopimwa nayo, iliachwa mbali sana.

Lakini kasi ni hoja ya shilingi za fedha, zinazohitajika kwa wingi. Dhahabu ni chache, na kila kipande ni mali ya mtu. Ishike angel iliyogongwa kombo: upande huu herufi zimekatika, upande ule pana ukingo mtupu. Mwizi akiupunguza ukingo huo, utajuaje kwamba haikutoka hivyo karakanani? Tajiri ana mizani yake. Asiye nayo ndiye anayeibiwa. Elizabeth aliufanya wizi huo kuwa uhaini, wenye adhabu ya kifo, lakini sheria haimsaidii mtu asiyeona kilichokatwa. Duara la Mestrelle lingemwonyesha hata asiyejua kusoma. Kinga kamili halikuwa, maana mkato mwembamba wa kuzunguka pande zote ungeweza kupita.

Mestrelle alinyongwa mwaka 1578 kwa kughushi sarafu. Hilo ni kosa lake, si la mashine, ambayo ilishatoa nusu pauni na krauni za dhahabu zilizo nzuri mno. Ingebakizwa kwa dhahabu peke yake, shilingi wakaachiwa wenye nyundo.