Setilaiti Yetu Inastahili Siku, Lakini Shule Zibaki Wazi

Je, siku Uganda ilipofika angani ifanywe sikukuu ya kitaifa, ofisi zifungwe na watu wapumzike? Anayejibu ndiyo huhesabiwa mzalendo hata kabla hajamaliza kueleza. Anayejibu hapana huambiwa ana kijicho, au kwamba amezoea kudharau kila kinachofanywa na Mwafrika. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na naona hawa wa pili wanaonewa. Wengi wao hawaikatai setilaiti. Wanakatalia namna ya kuiadhimisha, na sababu zao zina uzito kuliko zinavyopewa nafasi.

Tuikumbuke habari yenyewe kwa ufupi. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022 kutoka Wallops, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ikiwa ndani ya chombo cha mizigo cha Cygnus kilichobebwa na roketi ya Antares. Ilifika Kituo cha Kimataifa cha Anga siku mbili baadaye, na tarehe 2 Desemba ikaachiwa kutoka maabara ya Kijapani ya Kibo ili izunguke dunia yenyewe. Walioiunda ni wahandisi watatu wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derick Tebusweke, wakiwa masomoni katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, chini ya mpango wa mafunzo ya setilaiti uitwao BIRDS-5. Ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kama kilo moja, na ndani yake kuna kamera ya kupiga picha za ardhi na maji.

Nianze na hoja bora ya wanaotaka sikukuu, maana ipo na ni nzito. Ichukue kalenda ya Uganda uisome siku moja baada ya nyingine. Tuna sikukuu 14. Januari 26 ni ya ukombozi. Februari 16 tunamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977. Juni 3 ni ya Mashahidi, Juni 9 ya Mashujaa, Oktoba 9 ya Uhuru. Zipo Pasaka, Krismasi na Idd mbili, ipo ya wanawake, ipo ya wafanyakazi, upo mwaka mpya. Hizo za historia yetu wenyewe, karibu zote zimetokana na vita, kifo au kukabidhiana madaraka. Hakuna hata moja inayosema kwamba Mganda aliketi, akasoma, akaunda kitu, na kitu hicho kikafanya kazi. Mtoto anayekua akiifuata kalenda hiyo atajua kwamba nchi yake inawaheshimu waliokufa kwa imani na waliopigana msituni, na ni haki waheshimiwe. Hatajua kwamba inamheshimu pia fundi. Hilo ni pengo la kweli, na anayelipuuza hajaisikiliza hoja ya wenzake.

Hata hivyo, kuliona pengo si sawa na kujua la kulizibia. Sikukuu ya kitaifa, kisheria na kivitendo, hufanya jambo moja la uhakika: hufunga. Hufunga ofisi, benki, mahakama na shule. Mengine yote, hotuba, gwaride, nishani, ni nyongeza ambazo huja au haziji kulingana na mwaka. Basi swali linalostahili kuulizwa ni kama kufunga kunaleta kumbukumbu. Na kwa swali hilo hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu jirani zetu wanao mfano wa zaidi ya nusu karne.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitaliano waliirushia NASA, shirika la anga la Marekani, setilaiti kwa roketi ya Marekani ya aina ya Scout. Kwa kuwa ilikuwa siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, setilaiti hiyo ikapewa jina la Uhuru, neno letu la Kiswahili, na bado inajulikana hivyo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Haikuwa setilaiti ndogo kwa umuhimu. Ilikuwa ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vya chanzo kimojawapo, kiitwacho Cygnus X-1, vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba pale pana shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Sasa lifikirie jambo hili, nami nimelifikiria mara nyingi. Tukio la anga lililotokea kwenye pwani ya Afrika Mashariki, lenye jina la Kiswahili, liliangukia moja kwa moja juu ya sikukuu ya kitaifa. Halikuhitaji kutangaziwa siku. Siku ilikuwepo tayari, na kila mwaka Kenya nzima hupumzika tarehe hiyo. Kama mapumziko yangekuwa yanatunza kumbukumbu ya sayansi, basi hakuna setilaiti duniani ambayo ingekumbukwa na watu wa kawaida kuliko Uhuru. Lakini Jamhuri Dei, ndilo jina la sikukuu hiyo ya Desemba 12, ni ya jamhuri, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Watu huenda kwao, hula na jamaa, husikiliza hotuba ya rais. Muulize kijana wa Kisumu au wa Tororo setilaiti ya Uhuru ilikuwa nini, kisha ujihukumie mwenyewe. Simlaumu kijana huyo. Hakuna aliyesimama mbele yake siku ya kazi, ubaoni, akamweleza.

Mataifa yaliyotutangulia angani yanaonekana kuwa yameliona hilo. Urusi huadhimisha tarehe 12 Aprili, siku Yuri Gagarin alipoizunguka dunia kwa dakika 108 mwaka 1961, na tangu 2011 Umoja wa Mataifa nao umeifanya siku hiyo ya kimataifa. Warusi huenda kazini. China iliichagua tarehe 24 Aprili, siku ilipoirusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1970, na ofisi hazifungwi. India, baada ya chombo chake cha Chandrayaan-3 kutua mwezini tarehe 23 Agosti 2023, ilitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kitaifa ya Anga, na ni siku ya kazi. Marekani ndiyo iliyokaribia zaidi kufanya tofauti. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini Jumapili tarehe 20 Julai 1969, na Rais Nixon akawapa watumishi wa serikali kuu mapumziko Jumatatu iliyofuata, akiwaomba magavana na waajiri wafanye vivyo hivyo. Ilikuwa mara moja tu. Wapo Wamarekani ambao wametaka Julai 20 iwe sikukuu ya kila mwaka, lakini haijawa. Kama kutembea mwezini hakujafunga ofisi za Washington kila mwaka, anayesita kuzifunga za Kampala kwa sababu ya setilaiti ya kilo moja hastahili kuitwa msaliti.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa sikukuu hulipita haraka mno, nalo ni nani anayelipia siku hiyo. Mwenye ajira ya mshahara hulindwa na sheria: akipumzika analipwa. Lakini wengi wetu hatuko huko. Mwendesha boda boda wa Wandegeya, jijini Kampala, huishi kwa abiria wanaokwenda ofisini na chuoni Makerere. Ofisi zikifungwa, abiria hao hawapo, ila fedha ya kumlipa mwenye pikipiki inadaiwa vilevile jioni. Mama anayekaanga rolex, chapati yetu ya kuviringishwa na mayai, kando ya lango la wizara alishanunua mayai na unga. Kibarua wa ujenzi asiyeitwa kazini leo hana wa kumdai. Watu hawa wamekwisha kubeba sikukuu 14, nyingine zikiwa za imani zao wenyewe, na hawalalamiki. Kuwaongezea ya 15 kwa jina la maendeleo, ilhali hakuna maendeleo yatakayofanyika siku hiyo, ni kuwatoza kodi bila kuwauliza. Kwangu mimi hapa ndipo mizani inapolala.

Nisiwatetee hawa wa hapana kwa kila neno, kwani baadhi yao huleta hoja mbovu. Mbovu kuliko zote ni ile ya kwamba setilaiti si yetu kwa sababu iliundwa Japani na kurushwa na Wamarekani. Aryabhata, setilaiti ya kwanza ya India, ilirushwa mwaka 1975 na roketi ya Kisovieti, wala hakuna anayesema leo kwamba haikuwa ya Wahindi. Ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, nayo iliachiwa kutoka kituo kilekile cha anga mwaka 2018. Karibu kila nchi imeanza hivyo. Tuiache hoja hiyo.

Iliyo bora ni ile inayotazama umri wa chombo. Setilaiti ndogo zinazoachiwa kwenye kimo cha kituo cha anga, kama kilomita 400 juu, hazina injini ya kuzipandisha. Hata kule juu kuna hewa kidogo sana inayozipunguzia mwendo, na kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili hushuka na kuungua. Haikuwa siri, ndivyo zilivyopangwa. Mpango wa BIRDS ulilenga zaidi kuwafundisha watu wa nchi zisizo na programu ya anga jinsi ya kubuni, kujenga, kupima na kuendesha setilaiti, ili warudi kwao wakaanze. Kilichobaki Uganda, basi, ni ujuzi wa watu watatu na kituo cha mawasiliano cha Mpoma, wilayani Mukono. Na ujuzi una tabia yake: usipohamishiwa kwa mwingine hupotea na mwenyewe. Siku itakayouenzi ni lazima iwe siku ambayo wanaojifunza na wanaofundisha wako mahali pamoja.

Kwa bahati njema tunao mfano wa nyumbani, tena wenye jina la Kiswahili: Tarehe Sita. Kila Februari 6 jeshi letu hukumbuka shambulio la mwaka 1981 ambalo waasi wa Yoweri Museveni walilifanya kwenye kambi ya jeshi ya Kabamba, wakianza vita vya msituni. Nchi haifungwi. Katika siku zinazotangulia, madaktari wa jeshi hutibu raia na askari hufanya usafi na kukarabati majengo ya umma. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu siasa za siku hiyo, lakini ajuavyo mwananchi wa wilaya inayopata zamu ya kuiandaa, Tarehe Sita ni siku ambayo kitu kilifanyika. Sijui kwa nini wahandisi wasipewe heshima ya namna hiyohiyo.

Hapa tarehe ina maana kubwa. Desemba 2 haifai, kwani muhula wa tatu ndio unaisha na shule zinafungwa. Novemba 7 ni katikati ya msimu wa mitihani, PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ikiwa mlangoni au ndani ya chumba. Lakini Umoja wa Mataifa uliitenga wiki ya Oktoba 4 hadi 10 kuwa Wiki ya Anga Duniani, tangu mwaka 1999, kwa kumbukumbu ya Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, ya 1957 na mkataba wa anga wa 1967. Oktoba 9 yetu imo ndani yake. Shule ziko wazi siku nyingine za kazi za wiki hiyo. Zinatosha kwa wahandisi wetu kuingia madarasani Gulu, Mbarara na Mbale, kwa Mpoma kuwafungulia lango wanafunzi, na kwa walimu wa fizikia kupewa angalau mfano mmoja wa chombo kama kile ili watoto wakishike na kukifungua.

Wanaotaka sikukuu watanijibu kwamba siku isiyo katika sheria husahaulika bajeti inapopungua, na wana haki ya kuhofia hilo. Dawa yake naiona katika kalenda ya mihula inayotolewa na Wizara ya Elimu na Michezo. Wiki hiyo ikiandikwa humo, pamoja na fungu la kuwasafirisha wahandisi, kila mwalimu mkuu ataiona anapopanga ratiba yake ya Oktoba, na kila mbunge ataweza kuuliza kama ilifanyika.