Wazee wa Riwaya, Nasaha Zimetosha

Juzi nimekaa tena kwenye kiti cha plastiki, saa mbili nzima, nikisikiliza waandishi wakubwa wakiulizwa swali lile lile: mna nasaha gani kwa waandishi chipukizi? Wote, utadhani walikubaliana kabla ya kupanda jukwaani, wakajibu: wasome sana, waandike sana, wasikate tamaa. Makofi. Soda. Picha ya pamoja.

Mmoja akaongeza kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana waliopanda daladala mbili mbili kwenye jua la Jumamosi, wengine wamekumbatia riwaya ya Vuta n'Kuvute iliyochakaa hadi jalada linashikiliwa na selotepu, ili tu waje kumsikiliza yeye. Hawasomi!

Mimi nina mswada. Ni riwaya ya watu wa mkonge, wale manamba, vibarua wa mashamba, waliokuja Tanga kutoka mbali na wasirudi kwao, babu yangu akiwa mmoja wao. Nimeuandika, nikauvunja, nikauandika upya. Hadithi fupi zangu mbili tatu zimeshachapishwa, kwa hiyo siko tena pale nilipoanzia. Tamaa ninayo tele, ningeweza kuiuza kwa kilo. Ninachokikosa ni mtu wa kuufungua ukurasa wa arobaini, akaweka kidole, akasema: hapa umedanganya, mtu wa Korogwe hasemi hivi.

Na hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu wale tunaowaita magwiji wengi wao walipitia mikono ya watu wa namna hiyo. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, lakini kabla mpelelezi wake, Bwana Msa, hajawasha kiko chake, aliyemuumba alikuwa mwandishi wa habari. Adam Shafi, mwandishi wa habari. Ben Mtobwa, mtu wa magazeti hadi mwisho. Chumba cha habari hakitoi nasaha. Kina mhariri mwenye haraka na njaa, anayekata aya uliyoipenda kuliko zote, na kesho yake unaisoma gazetini bila aya ile na unaona, kwa uchungu, kwamba alikuwa sahihi. Halafu kulikuwa na zile hadithi za mfululizo magazetini, ambazo mwandishi akilegea wiki moja, wiki inayofuata wasomaji wanahama.

Shule ile imekufa, au iko mahututi. Hadithi za mfululizo zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako mhariri pekee ni zile nyuso za kulia. (Siwadharau wanaoandika huko. Angalau wao wanalipwa.) Wachapishaji nao, tangu vitabu vya kiada viwe mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), wanahangaika kubaki hai, na riwaya isiyonusa shule haina wa kuilipia mhariri. Mmoja alinijibu kwa upole mwingi kwamba mswada wangu una mwelekeo, ila hautaingia darasani. Mwelekeo wa wapi, hakusema.

Tuzo? Nazifurahia. Ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyoanza kutolewa Aprili 2023, inampa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, na mimi nitatuma mswada kama kila mwenye akili timamu. Lakini shindano hupanga watu, halimfundishi aliyeshindwa kwa nini ameshindwa.

Waliobaki basi ni wazee wenyewe. Na wazee wenyewe wanatusainia vitabu.

Gwiji mmoja, jina nalimeza, aliniandikia kwenye ukurasa wa mbele "Kwa mwandishi wa kesho", akanishika bega mbele ya kamera, akaniambia nimtumie sura ya kwanza. Nikatuma. Tiki mbili za bluu. Mpaka leo ni tiki mbili za bluu, na kila Idi ananitumia kadi ya kheri yenye maua. Mwingine, profesa, alinishauri nisome nadharia kwanza ndipo niandike. Nadharia gani, akanitajia sita.

Aliyenisaidia humsikii kwenye matamasha. Ni mzee mmoja wa Temeke, ambaye miaka ya themanini aliandika vile vitabu vidogo vya upelelezi, jalada lina bastola na mwanamke wa miwani ya jua, ambavyo walimu walitunyang'anya darasani kisha wakaenda kuvisoma wenyewe ofisini. Muuza vitabu vya mitumba ndiye aliyenielekeza kwake. Nikamwamkia, nikaanza kueleza shida yangu, akanyoosha mkono kabla sijamaliza: "Lete." Akasoma pale pale kibarazani, kahawa inapoa. Kurasa za mwanzo akazipiga mstari mmoja mrefu, juu hadi chini.

"Mwanangu, hii mvua inafanya kazi gani hapa?"

Nikamwambia inajenga mandhari.

"Nani ameloa?"

Hakuna aliyeloa, mzee.

"Basi haijanyesha. Toa. Msomaji wangu mimi alikuwa amesimama ndani ya basi la UDA, mkono mmoja kashika bomba, mwingine kashika kitabu. Ukimchosha anatazama dirishani, na ukimpoteza Kariakoo humpati tena."

Akaendelea kusoma kimya hadi pale mhusika wangu anaporudi kutoka shambani na kumshika mkewe shavuni. Nilikuwa nimeiandika sehemu hiyo kwa mapenzi yote, na shavu lilikuwa laini kama nini sijui. Mzee akavua miwani. "Huyu bwana ni mkata mkonge au karani wa posta? Jani la mkonge lina mwiba nchani. Maji yake yanawasha ngozi. Mtu anayelikata kutwa nzima, mikono yake iko wapi hapa? Mkewe mbona hajashtuka?"

Nilirudi nyumbani nimenuna, na nikanuna wiki nzima. Kisha nikaiandika sura ile upya kuanzia kwenye mikono, mke akashtuka, na kushtuka kwake kukanipa ugomvi ambao riwaya nzima sasa imeuegemea. Hebu niambieni, ni "usikate tamaa" ipi ingenipa mikono ile?

Haya, wana sababu zao za kutukimbia. Tunawarushia mswada wa kurasa mia nne saa sita usiku bila hata shikamoo. Tukikosolewa, wapo kati yetu wanaosema mzee ana wivu. Kuhariri ni kazi na hakuna anayewalipa. Mirabaha yao wenyewe wanaisimulia kwa kicheko ili wasilie. Nakubali. Lakini mtu mwenye muda wa kukaa jukwaani saa mbili akimfufua Shaaban Robert kwa mara ya mia, na tangu Nobel ya 2021 kumtaja Gurnah ambaye riwaya yake Peponi tuliipata kwa Kiswahili mwaka 2022 tu, kwa kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis, mtu huyo anao muda wa kusoma ukurasa mmoja. Mmoja. Sijasema riwaya.

Kwa hiyo waandaaji wa matamasha, nawaomba, na sitanii. Saa ile ya nasaha ifuteni. Chukueni ukurasa mmoja wa mwandishi asiyejulikana, urusheni ukutani kwa projekta, mpeni gwiji kalamu, na mbele ya watu wote aukate: hili neno la nini, huyu ametokea wapi, hapa nimesinzia. Mwenye ukurasa aruhusiwe kubisha. Wengine tutakuwa tunajifunza bure, na gwiji naye tutajua kama bado anaiweza kazi au amebaki na jina. Wa kwangu chukueni uwe wa kwanza, sihitaji hata kufichwa jina.

Najua pingamizi litakalokuja: ratiba ni finyu, na hotuba ya mgeni rasmi itachelewa. Mgeni rasmi aanze kuzungumza kabla hatujafika.