Mtego wa mjomba ulivyoninasa mie

Wallahi hii nilikuwa nimeapa sitaisimulia lakini mjomba keshaitangaza msikitini, kahawani, mpaka kwa mama wa mahamri, kwa hivyo bora niseme mwenyewe kabla hamjaipata na chumvi ya watu.

Mjomba anakaa Mtongwe, Mombasa, ng'ambo ya feri, ana kiwanja chake cha minazi na banda la kuku nyuma. Mwezi ule vifaranga vikaanza kupungua, leo viwili kesho vitatu, asubuhi waona manyoya tu. Mjomba akasema ni nguchiro, jirani akasema ni fungo, mkaza mjomba akasema ni mtoto wa huyo huyo jirani. Mjomba akanoa panga. Nikamwambia la mjomba, Kenya hii uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, ukiua mnyama pori waeza kujikuta wewe ndo uko bandani, tumkamate mzima tuwaite watu wa KWS, lile shirika la wanyamapori, waje wamchukue. Akanitazama juu mpaka chini. "Haya, wewe uliyesoma, mkamate."

Basi hapo kichwa kikavimba. Siku tatu kazi sifanyi, naangalia video za wale mabwana wa Kanada na Alaska wanaotega wanyama wa manyoya, na jamaa wana nidhamu usiseme: vaa glavu, vaa gambuti, mwambie mtu waenda wapi na utarudi saa ngapi, usitie mkono mahali ambapo kijiti chaweza kwenda, na barafu ya mtoni usiikanyage kama unene wake haujafika sentimita 10. Hiyo ya barafu niliiandika kwenye daftari. Mtongwe! Barafu ninayoijua mie ni ya kutilia sharubati. Kulikuwa na sehemu nyengine ndefu ya skanki, yule mnyama wao wa kurusha uvundo, hiyo nikairuka kwa sababu huku kwetu skanki hakuna.

Fundi wa kuchomelea akaniundia sanduku la waya lenye mlango wa springi, ukigusa chambo mlango washuka paap na kikomeo chajifunga chenyewe. Tukaujaribu kwa ufagio, mpini ukavunjika, tukapeana mikono kwa furaha. Chambo nikanunua ng'onda wa papa, yule anayenuka mpaka paka wa mtaa wa pili waja kusalimia.

Saa nne usiku nikatoka kwenda kutega. Glavu nilikuwa nazo lakini uzi haufungiki na glavu, nikazivua. Simu iko ndani kwenye chaji. Kumwambia mtu... mjomba keshalala, na ni hapo nyuma ya banda tu, si Alaska. Tochi nikaiuma kwa meno, nikapiga magoti, nikapeleka mkono wa kulia mpaka ndani nifunge ng'onda vizuri, na ile kuukaza uzi tu, paap.

Nilipiga ukelele, tochi ikaanguka ikazimika. Mlango umeniketi juu ya kiwiko, nikivuta waniuma zaidi, na kikomeo fundi alikiweka upande wa kulia kabisa, mkono wa kushoto nikiunyoosha wafika kila mahali isipokuwa hapo. Nimepiga magoti gizani kama mtu aliyesahau rakaa, mbu wamekuja ukoo mzima, na kiganjani nimekamata papa.

Kidogo nasikia majani chakacha chakacha. Mbalamwezi ilikuwepo kiasi, nikamuona: mweusi, michirizi myeupe mgongoni, mkia kama brashi, mwenyewe mdogo, kwa paka mkubwa hafikii. Kicheche! Akaja polepole mpaka kwenye waya, akaanza kulamba ng'onda vidoleni mwangu. Nilikata pumzi. Nikamwambia moyoni, kula ndugu yangu, kula ushibe uende.

Angeenda. Lakini mjomba alikuwa kausikia ule ukelele, akatoka na kikoi na panga na tochi ya macho sita, "Mwizi! Leo ndo leo!" Kicheche akashtuka, akageuka, akanipa mgongo, mkia juu. Na hapo ndo nikaikumbuka ile sehemu niliyoiruka.

Sijui niwaeleze vipi. Mayai viza, mpira unaoungua, na mtaro wa soko la samaki, vyote umemwagiwa usoni kwa pamoja. Macho yawaka, pua yafunga, na kukimbia siwezi, nimefungwa. Mjomba alipoona ni mie alicheka mpaka panga likamponyoka. Kikomeo alinifungulia kwa upembo wa kuangulia maembe, yuko mbali, pua kaifunika kwa kikoi.

Mkaza mjomba hakucheka, yeye kafanya kazi zahanati miaka. Akanimulika mkono wote. "Amekuuma? Hata mkwaruzo?" La, amelamba tu. Hata hivyo akanisimamisha mferejini na sabuni ya kipande dakika 15 kamili kwa saa yake, alfajiri akanambia nikivuka nipitie hospitali wanitazame, kichaa cha mbwa hakina mchezo. Harufu ndo ilimshinda. Ndimu, ukwaju, mwisho akanifukiza udi wa harusi, nikatoka nanuka kicheche anayekwenda kuoa. Nikalala nje juu ya mkeka.

Saa moja asubuhi niko feri ya Likoni, mwajua saa moja ile feri ilivyo, mtu hana pa kuweka mguu. Mie nilipata mahali. Nilizungukwa na nafasi, ningetaka ningelala. Aliyebaki karibu ni mama mmoja na ndoo yake ya papa, nikasema alhamdulillahi, huyu kazoea. Tulipofika kati ya maji akaiinua ndoo taratibu.

"Samahani mwanangu," akasema, akisogea, "nisije nikaharibiwa samaki."