Nyumba ya babu: tuibomoe au tuitibu?

Katika mashamba ya mailo (ardhi ya kumilikiwa) huko Buganda, Uganda, bado zimesimama nyumba za matofali ya kuchoma walizojenga machifu na wakulima wa pamba na kahawa baada ya Mkataba wa 1900 na Waingereza kuwagawia machifu ardhi kwa maili za mraba. Baraza mbele, sebule katikati, vyumba pembeni, bati juu, jiko peke yake uani. Wajukuu wengi wanataka kuzivunja wajenge vyumba vya kupangisha.

Hoja yao ya kwanza ni ukuta: lipu inabanduka, chini kumelowa, basi nyumba imezeeka. Hapo mara nyingi hukosea. Matofali yale yaliunganishwa kwa tope, na tope hufyonza maji ya ardhini na kuyaachia hewani. Mtu akaja kupiga lipu ya simenti, maji yakakosa pa kutokea, yakapanda na kulainisha viungo vya tope kati ya matofali. Chokonoa kiungo kwa msumari: ukizama kirahisi karibu na sakafu lakini ukagoma usawa wa kifua, mgonjwa ni lipu.

Bandua simenti hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Nje, chimba udongo ushuke sentimita 15 chini ya sakafu, kisha acha ukuta ukauke kiangazi kizima, Desemba hadi Februari. Piga lipu ya chokaa, ndoo 1 kwa 3 za mchanga, tabaka mbili za milimita 10 kila moja, na uifunike magunia mabichi kwa wiki moja. Ikikauka haraka hupasuka. Fundi atataka kuongeza simenti “kidogo tu, ishike”. Mkatalie.

Lakini wabomoaji nao si wajinga. Ufa wa mshazari unaokata matofali yenyewe, si viungo tu, mara nyingi ni msingi uliotitia, na chokaa haiutibu. Mchwa wakishakula ncha za kenchi zilizolala ukutani, huenda paa lote likashushwa, na gharama hiyo si ndogo. Zaidi ya hayo, mara nyingi hati ya ardhi ingali na jina la marehemu babu; bila usimamizi wa mirathi, nani atie pesa yake kwenye ukuta wa warithi kumi na wawili?

Ikibidi kuvunja, anzeni na kuta ambazo simenti haikuzigusa. Tofali lililounganishwa kwa tope hutoka zima, likakwanguliwa kwa panga na kujengewa tena. Lililopigwa simenti hutoka vipande.