Mnazi Mmoja, Msajili wa Majumba na macho ya kuuona ubaguzi

Mwaka 2013 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Jessica Nelson, Glenn Adams na Phia Salter, walichapisha utafiti mfupi walioubatiza jina la Bob Marley, kwa heshima ya wito wake kwamba mtu aijue historia yake. Swali lao lilikuwa hili: kwa nini Mmarekani mweusi na mweupe wakitazama jambo lile lile, mmoja aone ubaguzi wa rangi na mwingine asione kitu? Jibu lililozoeleka ni kwamba mmoja ana kinyongo, au mwingine anajikinga. Wao wakauliza kama tofauti haitokani na kile ambacho kila mmoja anakijua.

Namna walivyopima ina mafunzo kuliko hata matokeo. Waliwapa wanafunzi wa chuo sentensi kadhaa za kihistoria, nyingine za kweli na nyingine za kubuni zinazofanana na kweli, waseme ipi ni ipi. Hizo za kubuni ndizo zilizoubeba utafiti mzima. Ukiuliza za kweli tupu, mtu aliye tayari kuamini kila baya atapata zote bila kujua lolote. Makosa yapo mawili, kukana lililotokea na kukubali lisilotokea, na mjuzi ni anayeyaepuka yote mawili. Wanafunzi weusi waliyaepuka vizuri zaidi, na ujuzi huo ulieleza sehemu ya tofauti yao na wenzao weupe katika kuuona ubaguzi, hasa ule uliojengwa ndani ya sheria na taasisi.

Hoja hiyo ina nguvu, na mtu wa Dar es Salaam anaweza kuipima kwa miguu. Simama Mnazi Mmoja. Asiyejua ataona uwanja wenye miti, pa kupumzikia kati ya Kariakoo na mitaa ya katikati ya mji. Lakini uwanja huo uliachwa wazi kwa makusudi. Wajerumani, kwa kanuni zao za ujenzi za 1891 na baadaye za 1914, waliugawa mji kwa aina ya majengo, na Waingereza waliochukua mji mwaka 1916 wakauendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu, upande wa bahari. Ya pili ilikuwa ya biashara na makazi, ikajaa Wahindi. Ya tatu ndiyo iliyoruhusu nyumba za miti na udongo, nayo ni Kariakoo. Kati ya ya pili na ya tatu likawekwa eneo lisilojengwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya na usafi.

Angalia ujanja ulipo. Kanuni hazikuhitaji kutaja rangi ya ngozi ya mtu. Zilitaja ukuta na paa, na kwa kuwa Mwafrika hakulipwa mshahara wa kujenga kwa mawe, kipato kikafanya kazi ambayo sheria haikuifanya kwa maneno. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: lugha yetu ilisema waziwazi kile ambacho karatasi ya serikali ilikificha. Asiyejua mpango huo hawezi kuuona, hata akipita pale kila siku.

Sasa upande wa pili, ambao sitaki kuupitia kwa haraka. Mwaka 2019 watafiti wengine waliurudia uchunguzi wa Marley kwa kundi kubwa zaidi na hawakupata matokeo yale yale. Pia, vitu viwili vikienda pamoja havituambii kipi kimekitangulia kingine. Huenda aliyeonja ubaguzi ndiye anayekwenda kuitafuta historia. Mwaka huo huo wa 2019 ulikuja utafiti mwingine, ulioongozwa na Courtney Bonam, uliokwepa mtego huo kwa kuwapa watu maarifa kwanza na kuwauliza baadaye. Waliosikiliza maelezo ya jinsi serikali ya Marekani ilivyoshiriki kuunda mitaa duni ya weusi waliuona ubaguzi wa kimfumo kuliko wasioyasikiliza. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito. Kujua tukio hakutoshi. Mtu anaweza kukariri mwaka na jina la shujaa akabaki kipofu; kinachomfungua macho ni kujua utaratibu, yaani nani aliamuru, kwa kifungu kipi, na nani alilipa gharama.

Hata hivyo, maarifa nayo huchagua upande, na mfano uko mitaa ile ile. Aprili 1971 Tanzania ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo. Kipimo kilikuwa thamani: jengo la zaidi ya shilingi 100,000, lililopangishwa, lilichukuliwa na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, chombo cha serikali cha kusimamia majengo hayo, na lenye umri wa zaidi ya miaka 10 halikulipiwa fidia. Sheria hii nayo haikutaja rangi. Walioguswa walikuwa Waasia kwa sehemu kubwa sana, na wengi wao walihama nchi. Aliyelelewa na simulizi za kodi ya nyumba na ubepari anaona Ujamaa ukimaliza unyonyaji. Aliyelelewa katika familia iliyolala na jengo ikaamka mpangaji anaona ubaguzi uliovaa namba. Wote wawili wana historia ya kweli mkononi.

Je, ni sawa na kanda za mkoloni? Nasema hapana. Waliotenga mji walitaka watu wakae mbalimbali kwa asili yao. Nyerere, kwa upande wake, alisimama bungeni Oktoba 1961 kupinga uraia wa kupimwa kwa rangi, akawa tayari kujiuzulu, na sheria ya 1971 iliwagusa pia Waafrika wachache waliokuwa na majengo ya thamani hiyo. Lakini kama nia ndiyo kipimo pekee, basi hata kanuni za 1914 zina mtetezi, maana nazo zilisema zinalinda afya. Ndiyo maana matokeo lazima yapimwe pamoja na nia, na Mhindi wa Kisutu anayesema aliumia hastahili kuambiwa kwamba hajui historia.

Anayefundisha somo hili Dar es Salaam ana vifaa tayari: ramani ya kanda tatu, sheria ya 1971, na sentensi kumi, tano za kweli na tano za kubuni. Ajibu kwanza mwenyewe, kisha awape wanafunzi wa Kariakoo na wa Upanga, na aangalie kila kundi limekosea wapi.